Alama Niliyoichora Kinyume

Ujiji, baada ya alasiri

Sakina mwanangu,

Umekwenda Kidahwe na baba yako kumuaga bibi, nami nikasema nabaki kumalizia redio ya watu. Nimedanganya. Redio ilipona tangu asubuhi na mwenyewe ameshaichukua. Nimebaki ili nikuandikie, kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukuambia nikikutazama usoni, na kesho saa kama hizi utakuwa ndani ya treni ya kwenda Dodoma.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kufuli la begi, wala kwamba dagaa usiwagawe wote siku ya kwanza. Hayo baba yako ameshayasema mara tatu, na sina shaka anayarudia njia nzima hadi kwa bibi. Mvumilie. Tangu barua ya chuo ifike hajui aweke wapi furaha yake, ndiyo maana anaimwaga kwenye maagizo.

Mimi nataka kukuandikia kuhusu ile chipu.

Najua hapo umecheka. Cheka tu. Hata kule mwaloni Kibirizi, wachukuzi wakiniona mpaka leo wananiita Mama Miguu, nami naitika. Lakini katika habari ile kuna kipande usichokijua, wala hakuna mwingine anayekijua. Nitakifikia. Kwanza niache nianzie mbali kidogo, maana kosa lile halikuzaliwa siku ile.

Unamkumbuka mjomba wangu Hamimu? Ulikuwa mdogo alipofariki, labda unakumbuka kofia yake tu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, ingawa yeye mwenyewe angekataa kwamba alinifundisha. Alikuwa fundi wa redio pale Kidahwe, barazani kwake, na watu walitoka mpaka Kasulu kumfuata. Pembeni ya meza alikuwa na wembe. Kila akifungua redio na kuweka transista mpya, alikwangua maandishi ya juu yake mpaka ibaki nyeusi tupu, ili fundi mwingine akiifungua asijue ni ya namna gani. Mimi nilikuwa naletwa pale kufagia. Nilifagia polepole sana, mwanangu. Nilifagia sehemu moja saa nzima nikimtazama mikono.

Alikuwa na daftari la michoro. Alama zake hazikuwa za kitabu chochote. Aliweka duara hapa, msalaba pale, mkia wa ng'ombe mahali pengine, na hakuandika jina hata moja. Alipozeeka macho yalimwishia, na siku moja akaniita nimsomee mchoro wa redio ya msikitini. Nikalifungua daftari nikamwambia, "Mjomba, naona mkia wa ng'ombe." Akauliza, "Mkia umeelekea wapi?" Nikasema, "Juu." Akafikiri, akafikiri, kisha akasema, "Basi hata mimi nimesahau." Tulicheka mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza kuna nini. Redio ile hatukuiweza. Ilipelekwa mjini.

Nilicheka siku ile nikidhani mimi siko hivyo. Kumbe nilishachukua tabia yake nzima, isipokuwa wembe.

Sasa njoo kwenye mwaka ule Mzee Bihole alipokuja na betri zake. Unakumbuka zilivyokuwa zimevimba kama mkate uliozidi hamira. Mitumbwi yake sita ya dagaa ilishaacha karabai, ikatumia taa za betri, na betri zilichajiwa mchana kwa sola juu ya bati. Vijana wake walikuwa wakiunganisha asubuhi na kuondoka. Zikijaa, sola inaendelea kusukuma tu. Akaniambia, "Mama Sakina, nitengenezee kitu cha kukata chaji betri ikishiba." Nikasema hilo ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Nilihitaji chipu ya kulinganisha umeme, na zilikuja chache kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nikiziunguza, ni kusubiri tena wiki tatu. Ndipo wewe ukasema, "Mama, tujaribu kwanza kwenye kompyuta." Nami nikakujibu kwa kiburi cha fundi, "Waya ninaoushika kwa mkono ndio ninaouamini."

Mungu ambariki mwalimu wako wa fizikia, ambaye alipohamishwa Mbeya alikuachia kompyuta ile nzito yenye programu ya kuigiza saketi. Ulikuwa umekaa nayo likizo nzima, unachora taa na betri, unaziwasha bila umeme wowote. Nilikuwa napita nyuma yako nikijifanya natafuta bisibisi. Nilikuwa natazama, kama nilivyokuwa nikimtazama mjomba.

Siku ile nilikaa chini. Ukaniambia chipu yetu haimo ndani ya programu. Umeipata modeli yake kwenye mtandao, lakini modeli ni maandishi matupu, mistari ya maneno na namba inayoieleza programu chipu inavyofanya kazi. Haina picha. "Bila picha hatuwezi kuiweka kwenye mchoro," ukasema. "Inabidi tuichoree alama yetu wenyewe, tuiwekee miguu, halafu kila mguu tuuambie wewe ni wa ngapi kwenye modeli."

Sijui kama niliwahi kukuambia nilivyofurahi kusikia hivyo. Miaka yote nilikuwa natumia alama walizochora watu nisiowajua. Sikuwahi kufikiri kwamba kila alama, hata ile ya balbu, kuna mtu aliketi mahali akaamua iweje. Na sasa kuna chipu isiyo na alama, na watakaoichorea ni sisi, hapa Ujiji, mezani petu penye mafuta ya mawese.

Nikakuambia, "Nipishe nichore mimi."

Ulinionyesha kuburuta mistari. Nikachora pembetatu, nikaitolea miguu mitano. Kile kipanya kilinikimbia mkononi, nawe ulinishika kiganja ukaniongoza. Halafu ukauliza, "Tuandike majina ya miguu, Mama?"

Nikasema, "Ya nini? Miguu ya chipu hii naijua kuliko vidole vyangu."

Ukasema modeli inataka yaanze masikio mawili, yaani ile miguu miwili inayosikiliza, mmoja betri, mwingine kiwango tulichokiweka, kisha miguu ya umeme, kisha wa kutoa jibu. Kwenye chipu yenyewe, ukiishika mkononi, masikio ni mguu wa pili na wa tatu. Nikaandika wa pili kwanza, wa tatu baadaye. Nani huhesabu tatu kabla ya mbili? Lakini modeli ilitaka wa tatu utangulie. Mstari wa kwanza wa yale maandishi ulisema wazi, na sikuusoma. Nilijiona naijua miguu.

Tulipowasha, mchoro ukafanya kinyume. Betri tupu ikanyimwa chaji, iliyojaa ikaendelea kulishwa. Wewe ukakunja uso ukasema, "Mama, mbona kwenye karatasi hesabu yetu ilikuwa sawa?" Na hapa ndipo mama yako, aliyekuwa haiamini kompyuta saa mbili zilizopita, akawa anaiamini kuliko mtoto wake. Nikasema, "Karatasi imekosea. Geuza nyaya." Ukageuza. Mchoro ukatii. Nikapiga makofi.

Nikatengeneza visanduku sita vya kukata chaji kwa kuufuata mchoro ule. Cha kwanza nilikijaribu kwa betri ya hapa nyumbani, ambayo ilikuwa imejaa pomoni. Taa ya chaji ikawaka, nikaona kinafanya kazi, nisijiulize mbona kinalisha iliyoshiba. Wewe ulisema tujaribu na tupu pia. Nikasema watu wanasubiri Kibirizi.

Yaliyotokea ziwani hatukuyaona, tulisimuliwa. Asubuhi baada ya usiku wao wa kwanza Mzee Bihole alikuja na vijana wake wanne, na majirani wakaja nyuma yao. Hakusalimia. Unajua mtu wa Kigoma asiposema hata "Mwakeye" kuna jambo. Kijana mmoja ndiye aliyeanza.

"Mama, taa zako zimetuzimikia wote. Hata saa moja hazikufika. Tumerudi tunaitana majina gizani, huyu anamwita yule, tusigongane."

"Betri si mlichaji?" nikauliza.

"Tulichaji mchana kutwa. Zile tupu zimekataa kabisa. Ile moja iliyokuwa bado imejaa ndiyo imechemka ikaharibika."

Sasa soma hapa polepole, mwana wanje, mwanangu, maana hiki ndicho kipande usichokijua.

Aliposema zile tupu zimekataa, mimi nilijua. Pale pale, kabla hajafunga mdomo. Niliona miguu miwili imegeuzana kama naiona mkononi, nikakumbuka vidole vyangu vikibonyeza mbili, kisha tatu. Nilijua ni mimi. Na baada ya kujua, ndipo nikafungua kinywa changu mbele ya wale watu wote nikasema, "Ni mchoro wa kompyuta. Mtoto ndiye aliyeuchora."

Wewe umekuwa ukiamini kwamba siku ile nilisema nilichodhani. Ulipokuwa ukiwasimulia rafiki zako ulisema, "Mama naye alikuwa hajui." Nimeisikia mara nyingi na kila mara nimenyamaza. Nilijua, Sakina. Nilikuwa na jina la miaka ishirini kama fundi asiyekosea, nikaona ni rahisi zaidi kuazima jina lako ambalo bado lilikuwa changa.

Ulinitazama mara moja, ukamwambia Mzee Bihole, "Shikamoo, Mzee, naomba siku mbili." Ukachukua ndoo ukaenda kuchota maji. Ningekuambia ukirudi. Sikukuambia. Nilikuacha siku mbili nzima ukisoma yale maandishi ya modeli mstari kwa mstari, na mimi nikipita nyuma yako, safari hii hata bisibisi sikuitafuta. Baba yako aliniuliza mbona sili. Nikasema kichwa.

Siku ya pili adhuhuri nikasikia ukelele. Nilidhani umeungua. Nikakimbia ndani nikakukuta unaruka, kweli unaruka, kitenge kimekuanguka, unasema, "Mama, Mama, njoo uone! Mguu wa tatu! Mguu wa tatu ndio unaotangulia!" Ukanishika mikono ukanizungusha. Hukusema hata mara moja kwamba aliyeuandika ni mimi. Sidhani hata ulilifikiria. Ulikuwa umefurahi kwa sababu ukweli umepatikana tu, basi. Nami nikazunguka na wewe, nikacheka, na machozi yakanitoka ukadhani ni ya furaha. Nusu yalikuwa ya furaha kweli.

Furaha yako ile ndiyo iliyonitoa mafichoni. Kama ungenilaumu ningebishana, nina ulimi mrefu, unaujua. Lakini mtu anayekuzungusha kwa furaha utabishana naye nini?

Tulikwenda Kibirizi jioni ile ile, jua bado lipo, akina mama wanageuza dagaa mchangani. Nilimkuta Mzee Bihole amekaa kwenye ubavu wa mtumbwi. Nikasema kwa sauti, wachukuzi wasikie, vijana wake wasikie:

"Mzee, nilisema ni mtoto. Si yeye. Alama niliichora mimi, na miguu niliipanga mimi kinyume. Na hata alipotaka tuandike majina ya miguu, nilimkatalia."

Mzee Bihole alinikazia macho. Unajua hacheki yule.

"Kwa hiyo kompyuta haina kosa?"

"Haina."

"Na mtoto hana kosa?"

Kabla sijajibu, wewe ukasema, "Tulikosea, Mzee. Ila sasa tunajua wapi."

Tulikosea. Nimeliwaza neno lile siku nyingi. Mimi nilikuvua jina lako mbele za watu, wewe ukasogea mbele ya watu wale wale ukasimama kando yangu. Sikukufundisha hilo. Sijui ulilitoa wapi, labda kwa baba yako.

Mzee Bihole akainuka, akakung'uta suruali, akakuambia, "Haya, Mwalimu, hebu tuone." Tukaketi mchangani, tukachomoa nyaya mbili mbili kwenye vile visanduku sita na kuzigeuza, wewe unashika, mimi nalehemu. Nikataka kuchukua betri iliyokuwa karibu nijaribu. Ukanizuia. Ukawaambia vijana, "Leteni iliyokufa kabisa." Wakaenda wakaleta moja iliyolala wiki nzima. Ukaiunganisha kwenye sola, jua lile la mwisho mwisho. Taa ya chaji ikawaka. Ukaleta iliyojaa. Taa ikazima. Ukarudisha tupu. Ikawaka. Wale akina mama wa dagaa hawakujua hata ni nini, lakini waliona watu wazima wamekodolea macho kitaa kidogo chekundu na kushangilia, nao wakapiga vigelegele. Mchukuzi mmoja akauliza kosa lilikuwa nini, akaambiwa ni miguu. Basi, jina nikalipata hapo hapo.

Siku mbili baadaye Mzee Bihole akatuletea ndoo ya dagaa wabichi na migebuka mitatu juu yake, akaiacha mlangoni akaenda zake. Ila baba yako anasema alimwona akicheka njiani. Mimi sijaamini.

Kisha ukaichora alama upya. Hii sikuishika, nilikaa tu nikakutazama. Uliandika jina la kila mguu, ukaweka na maelezo mafupi pembeni kwa mtu asiyetujua: mguu wa tatu hutangulia, usihesabu kama chipu ilivyo mkononi. Ukaiweka mtandaoni pamoja na modeli. Nikakuuliza nani ataitaka huko. Baada ya miezi fundi mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akaandika: "Aksanti sana, ile alama yenu inatumika muzuri, nilikuwa naitafuta sana." Ulinisomea mara tano. Nilifikiri, mtu yule angekuwa jirani wa mjomba Hamimu angepewa mkia wa ng'ombe.

Na ulipoitwa kwenye usaili wa chuo, ukaulizwa kitu ulichowahi kutengeneza, ukawasimulia hiki, kosa na yote. Uliponiambia nilikukaripia kidogo, unakumbuka? Nikasema mbona hukuwaambia mazuri tu. Samahani kwa hilo pia. Kumbe waliokuwa wakikusikiliza walijua kazi. Ndiyo maana kesho unaondoka.

Huko utakutana na watu wanaojua sana, na siku moja nawe utakuwa mmoja wao. Kukosea hakukunidhuru sana. Ni nyaya mbili tu, tulizigeuza jioni moja. Kilichonila ni zile siku mbili za kujua na kunyamaza, na miaka iliyofuata nikiogopa kila unapolisimulia. Siwezi kukuambia uwe hivi au vile. Nakuambia tu kilichonipata mimi, na kwamba kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani nilipokibeba.

Naomba unisamehe. Siyo kwa kukosea alama, hilo ulishanisamehe bila kuombwa. Kwa kujua.

Nilipoanza kuandika nia yangu ilikuwa kuisukumiza barua hii chini ya nguo zako, uikute ukishapita Tabora, uwe mbali nami. Nimekaa hapa nimeitazama nimeona ni ujanja ule ule. Basi sitaificha. Nitakupa mkononi leo, mara tu ukiingia, kabla hatujala. Isome. Ukikasirika, kasirika hapa hapa nyumbani, mimi nipo, usiku haujaingia bado na tuna muda wa kutosha wa kugombana na kupatana. Kesho nataka nije stesheni nikupigie vigelegele vya mtu asiye na kitu kifuani.

Nasikia pikipiki imesimama nje. Baba yako anagombana na kuku wa bibi, inaonekana mmepewa mzima mzima, na wewe unacheka kwa ile sauti yako ya kukosa pumzi. Naweka kalamu. Nakuja kukufungulia.

Mama yako